Hesabu haina pasipoti, ila wanahisabati wanazo

Wale mliokimbia hesabu kidato cha nne msiondoke, leo hakuna kanuni wala vipeo. Nataka tuzungumzie mkutano.

Wanahisabati wa dunia walikutana kwa mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1897. Mwaka 1900 wakahamia Paris, na hapo Mjerumani David Hilbert akawawekea mezani maswali ambayo hakuna aliyekuwa na majibu yake. Orodha kamili ilikuwa na maswali 23, ingawa siku ile alisoma 10 tu. Watu wamekesha nayo karne nzima, na mengine mpaka leo hayajajibiwa.

Haya, ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 mkutano ukafanyika Strasbourg, mji ambao Ufaransa ilikuwa imetoka kuurudisha mikononi mwake kutoka kwa Wajerumani. Wajerumani hawakualikwa. Toronto, 1924, vilevile. Yaani Hilbert yuleyule aliyewapa kazi ya karne nzima akafungiwa mlango! Na huyu ndiye mwaka 1914 alikataa kutia saini tamko la wasomi wenzake lililoitetea Ujerumani vitani. Nani alimuuliza hilo? Pasipoti ilitosha.

Mwaka 1928, Bologna, Mwitaliano Salvatore Pincherle akafungua mlango kwa wote. Kichekesho ni kwamba sasa baadhi ya Wajerumani ndio waliotaka kususa. Hilbert, mgonjwa, akawaongoza wenzake wakaenda.

Siasa hazikuishia hapo. Mwaka 1978 Grigory Margulis alishinda nishani ya Fields, lakini wakubwa wa Kisovieti wakamzuia kwenda Helsinki kuipokea.

Sasa njoo 2022. Mkutano ulikuwa ufanyike St. Petersburg. Februari Urusi ikaivamia Ukraine, mkutano ukahamishiwa kwenye intaneti na nishani zikatolewa Helsinki, moja ikaenda kwa Maryna Viazovska wa Ukraine. Serikali ya Urusi ikawekwa kando, ila mwanahisabati wa Kirusi aliruhusiwa kushiriki kwa jina lake mwenyewe.

Wapo walioona huo ni ulegevu. Mimi naona walijifunza kitu Strasbourg. Simwambii Mukraine ambaye nyumba yake imelipuliwa amkumbatie mtu. Lakini ukimfungia mtu mlango kwa pasipoti yake tu, basi umemfungia na yule aliyekataa kutia saini.

Anayeona tofauti aje na hoja, nipo.