Uraibu wa baba ni kukasirikia gari

WIKI tatu zilizopita kifungua mimba wangu, ambaye yuko Gredi ya Tano, alileta nyumbani daftari lake la Kiswahili. Mwalimu alikuwa amewapa insha yenye kichwa 'Uraibu wa Baba Yangu'. Nilijiweka sawa kitini nikitarajia sifa. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Uraibu wa baba yangu ni kukasirikia gari lake." Kando yake mwalimu alikuwa ametia alama ya vyema kwa wino mwekundu.

Mama Watoto alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilijua mtoto hakusema uongo.

Gari lenyewe, msomaji mpenzi, ni Peugeot 504 ya petroli. Walio na umri wa wazazi wangu hawahitaji kuelezwa. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 likiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Ndilo lililobeba abiria wa masafa marefu kabla ya Nissan kutawala barabara zetu. Kwa miaka mingi lilikuwa likiundwa papa hapa nchini, Mombasa. Nilikua nikisikia sifa zake kutoka kwa mjomba wangu, na mwaka 2018 nilipopata moja kwa mwalimu mmoja mstaafu, nililipa bila kubembeleza bei.

Mwanzoni raha ilikuwa tele. Kila Jumamosi, baada ya chai, nilikuwa nje ya nyumba yetu hapa Buruburu nikiwa na spana zangu. Kazi zilikuwa ndogo ndogo. Leo nabadilisha oili, kesho nasafisha kabureta. Nilijifunza kupima pengo la pointi za distribyuta, ambalo ni chini ya nusu milimita. Nilijifunza kusoma plagi kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa: ikiwa nyeusi tititi kwa masizi makavu, petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa. Mwanangu, wakati huo mdogo, alishika tochi na kuuliza maswali mia moja. Jumapili tulijipakia sote tukaelekea Limuru au Thika, na tukirudi nilijua kwamba mikono yangu ndiyo iliyotufikisha na kuturudisha.

Kisha ukaja mwaka 2021. Safari Rally ilirejea katika mashindano ya dunia, baada ya kukosekana tangu 2002. Nilikaa mbele ya televisheni nikitazama magari yakitimua vumbi kule Naivasha, na kichwa kikafura. Niliamua kwamba gari langu halitakuwa tena la kurekebisharekebisha. Nitalifanya jipya kabisa, kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwezi mmoja baadaye 504 ilikuwa juu ya mawe. Injini ilikuwa barazani chini ya gunia. Nati na bolti zote, za breki, za milango na za gia boksi, nilizitia katika mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia. Nilijiambia nitakumbuka kila moja inaenda wapi. Mwenye kudharau kamba hujikuta ameanika nguo chini.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyewahi kufungua kitu kikubwa kuliko wakati wake. Kipuri kimoja kilikuwa kikinipeleka Barabara ya Kirinyaga Jumamosi nzima, na jioni narudi mikono mitupu. Nikikipata, nagundua kwamba siwezi kukifunga kabla ya kupata kingine. Nilipoinua zulia nilikuta kutu imekula sakafu. Pesa zilitoka, kazi haikuonekana. Mbaya zaidi, hakukuwa na Jumapili ya kwenda Limuru.

Hapo ndipo hasira ilipoingia. Mtoto aliyekuwa akishika tochi sasa alisikia maneno haya: "Mulika huku! Huku nimesema! Wewe unaangalia wapi?" Siku moja nilimwita akasema ana kazi ya shule. Jumamosi iliyofuata pia alikuwa na kazi ya shule. Sikumfuata. Kwa kweli nilifurahi, kwa maana nami nilikuwa natafuta kisingizio. Nilianza kusema mgongo unauma. Nilianza kuegesha macho upande wa pili kila nikipita mlangoni, kama mtu anayemkwepa mdai wake. Hivyo ndivyo miaka ilivyopita.

Baada ya ile insha nilikwenda kumwona fundi mmoja mzee ambaye huniuzia vipuri. Nilimwambia, "Mzee, nataka kuliuza. Nimechoka na gari hili." Alifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilimaliza kazi yoyote juu yake. Nilifikiri, nikakosa jibu.

"Basi hujachoka na gari, kijana wangu," alisema. "Umechoka kutoona mwisho. Nenda nyumbani ukafanye kitu kimoja kilie au kiwake, kisha ufunge sanduku la spana."

Nimelitafakari neno hilo sana. Wengi wetu tukipoteza hamu ya kitu tulichokipenda, huwa tunajilaumu kwa uvivu. Mwanafunzi aliyependa gitaa huliacha likashika vumbi ukutani. Mama aliyependa kushona huacha cherehani ikawa meza ya kuwekea nguo. Aghalabu si uvivu. Tulikuwa tunapata furaha ndogo kila wiki, kisha tukaibadilisha kwa furaha moja kubwa iliyo mbali, na njiani tukaishiwa chakula. Uraibu hulishwa na kumaliza. Usipomaliza chochote, hufa njaa.

Kwa wenzangu wenye magari juu ya mawe, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama yangu. Usifungue sehemu ya pili kabla ya kufunga ya kwanza. Weka bolti za kila sehemu katika mfuko wake na uandike jina juu. Piga picha kabla ya kufungua. Jiwekee kiasi cha pesa kwa mwezi, na kikiisha, ngoja mwezi ujao. Gari likiweza kutembea, liache litembee, kwa maana gari lililolala huharibika lenyewe: betri hufa, petroli huchacha, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Na kamwe usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare. Mawe niliyotumia mimi ni kosa ambalo sitaki mtu aliige.

Sisemi kila mtu aendelee. Mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha uandishi wa habari aliuza Datsun yake ya zamani, akanunua baiskeli, na huwa hana majuto hata kidogo. Ikiwa kila ukilitazama gari moyo unazama, na huoni kazi hata moja ambayo ungependa kuifanya, liuze kwa mtu atakayelipenda. Huko si kushindwa. Kilicho kibaya ni kulikalia miaka na miaka, huliuzi wala hulitengenezi, huku nyumba nzima ikionja ghadhabu yako.

Mimi nilijaribu kwanza dawa ya fundi. Jumamosi iliyopita nilimwendea mwanangu chumbani. Sikumwamrisha, nilimwomba. Nilimwambia kwamba leo yeye atashika spana na mimi nitashika tochi. Alinitazama kwa shaka, akauliza, "Na ukikasirika, Baba?" Nilimjibu kwamba nikikasirika, ana ruhusa ya kwenda zake.

Tulichagua honi. Tulileta betri iliyochajiwa, tukasafisha nyaya zilizoshika kutu, tukabadilisha fyuzi. Ilituchukua saa mbili. Mara mbili alipeleka spana kinyume, na mara mbili niliuma ulimi. Hatimaye aliibonyeza, na gari lisilo na injini wala magurudumu likapiga honi hadi jirani akachungulia dirishani akidhani kuna mgeni langoni. Mtoto aliibonyeza tena na tena mpaka Mama Watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kisha nikafunga sanduku, ingawa mikono ilikuwa ikiniwasha niendelee.

Injini ingali barazani na kutu ingali sakafuni. Sijui Limuru tutakwenda lini. Lakini leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika safu hii, mwanangu alikuja kuniuliza Jumamosi ijayo tutafanya taa au wiper. Nimemwachia yeye achague. Je, wewe msomaji, umefunika nini kwa gunia barazani pako? Lifunue, utafute kazi ya saa mbili, uimalize. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.