Kombe la sabuni

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaoogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzao. Habari hiyo itangoja kidogo. Kuna jambo limeingia katika komite yetu na limetugawa, na wengi wenu mmetuuliza njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa: ni kweli watoto watachezea kombe la sabuni vakansi hii?

Ni kweli kwamba tumeombwa. Si kweli kwamba tumekubali.

Mnakumbuka mashindano ya watoto, avenue kwa avenue, tuliyokuwa tunayafanya kila vakansi kubwa. Mwaka wa kwanza kombe lenyewe lilikuwa sufuria ya aluminiamu, na hakuna mtoto aliyelicheka. Sasa ni miaka miwili hayafanyiki. Mipira ilichakaa, mavazi yalichanika, na kila mmoja wetu alingoja mwingine aanze kuchanga. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa sabuni alipokuja na maneno matamu: atatoa kombe la chuma linalong'aa, mipira sita, na mavazi kwa ekipe zote nane. Yeye anaomba mambo mawili tu. Mashindano yabebe jina la sabuni yake kwa miaka mitano, na kila mtoto anayejiandikisha alete karatasi tatu zilizofungia sabuni hiyo.

Kwenye mkutano mama mmoja aliuliza: sabuni na mpira vimekutana wapi? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Vilikutana zamani sana, na si mbali nasi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Kigoma na kuendelea hadi pwani, wazee wengi wanalijua jina la Gossage. Mzee mmoja aliyekulia huko, ambaye sasa anakaa hapa kwetu, tulipomtajia neno hilo alitabasamu kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba wake wa zamani. Kwake yeye Gossage ni mpira. Kumbe Gossage ilikuwa sabuni.

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikutana kucheza mpira kushindania kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, William Gossage. Mara ya kwanza walitoka sare, 1 kwa 1, ikabidi warudie, na Kenya ikashinda 2 kwa 1. Kwa miaka karibu ishirini yalikuwa mambo ya nchi hizo mbili tu. Mwaka 1945 Tanganyika iliingia (tunasema ile nchi jirani, si provensi yetu), na mwaka 1949 ikaja Zanzibar. Kombe hilo lilichezwa mara 37, hadi mwaka 1966. Uganda ililichukua mara nyingi kuliko wote. Zanzibar haikulipata hata mara moja, na watu wa visiwani walipaswa kungoja hadi 1995 ndipo wakabeba kombe lililokuja kuchukua nafasi yake.

Fikirini kidogo hali ya wakati ule. Nchi zote nne zilikuwa chini ya Waingereza. Mtu mweusi hakuwa na bendera yake, wala wimbo wa taifa lake. Lakini siku ya Gossage alivaa nguo ya Uganda au ya Tanganyika, akakimbia mbele ya maelfu, na watu wake wakapiga kelele kwa jina la nchi. Kwa vijana wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona nchi yao inasimama peke yake mahali fulani na kuhesabiwa. Mzee wetu anasema nyumbani kwao redio ikianza kutangaza mechi, hata mama zake waliacha kuchambua mchele. Hatuwezi kulidharau kombe la namna hiyo kwa sababu tu lilikuwa na jina la sabuni.

Lakini na sabuni nayo tuitazame.

William Gossage alikuwa fundi wa kemia, alizaliwa 1799, akaweka kiwanda mahali panapoitwa Widnes, kaskazini ya Uingereza. Mafuta yalipopanda bei yeye aligundua namna ya kuchanganya sabuni na silikati, ile dawa inayotengenezwa kwa kuyeyusha mchanga pamoja na soda, akapata sabuni ya bei nafuu, yenye mabaka ya buluu, ambayo watu maskini waliweza kuinunua. (Wamama wetu wanaopika sabuni ya mawese, tunawaona mnacheka. Siri ya kuongeza kitu ndani ili kipande kijae mkono mnaijua vizuri.) Gossage alikufa 1877. Hakuona mpira wowote wa Nairobi. Kampuni ilibaki na jina lake, ikapeleka sabuni ng'ambo nyingi, na mwaka 1919 ikanunuliwa na tajiri mwingine wa sabuni, Lever, wa Sunlight. Kwa hiyo kombe la 1926 lilitoka katika mfuko wa Lever. Tanganyika hata mikoa yake ilikuwa inashindania Kombe la Sunlight, sabuni tena.

Hapa, wamama, ndipo habari inaporudi nyumbani kwetu Kongo.

Sabuni ni mafuta. Lever alitaka mafuta mengi, na mwaka 1911 alipatana na serikali ya Ubelgiji apewe misitu ya michikichi ya Kongo. Alipewa miduara mitano, kila mmoja ukipimwa kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni. Kampuni ikaitwa Huileries du Congo Belge, na makao makubwa kule Kwilu yakaitwa Leverville, ambapo leo tunapaita Lusanga. Sabuni ya kwanza iliyotoka katika mafuta hayo ilipelekwa kwa mfalme Albert mwaka 1912 ndani ya kisanduku cha pembe ya ndovu. Ni yule Albert ambaye mji wetu huu ulibeba jina lake, Albertville, mpaka tukarudia Kalemie.

Nani alikata ngazi za kutoa mafuta hayo? Wanaume walipanda michikichi kwa kamba, na aliyeteleza hakurudi kufanya kazi. Wake na watoto waliokota zilizodondoka, wakabeba mikungu kichwani mpaka kwenye kituo cha kupimia. Wengi hawakwenda kwa kupenda: kulikuwa na kodi ya kulipa, na kulikuwa na machifu walioambiwa walete watu. Biashara ya dunia ilipoanguka kuanzia 1929, bei ya ngazi ilishushwa, kodi ikabaki juu. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango na Kwilu walikataa. Waliuawa kwa mamia. Sisi walimu tunafundisha habari hiyo kwa mistari michache tu, kisha tunageuza ukurasa kwenda kwenye wafalme wa Ubelgiji, na hilo ni kosa letu.

Hatusemi kwamba kila kipande cha sabuni ya Gossage kilichouzwa Kampala kilikuwa na mafuta ya Kwilu. Tunasema mfuko ulikuwa mmoja. Mama wa Kwilu alibeba ngazi, mama wa Kampala alinunua sabuni kwa senti zake ili afue nguo za watoto, na katikati ya hao wawili ilitoka faida. Katika faida hiyo kikakatwa kipande kidogo, kikayeyushwa kuwa kombe la fedha, na watu wote wakashukuru kampuni. Jina la mama yeyote halikuandikwa pale.

Halafu jambo la ajabu likatokea. Kiwanda cha Widnes kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kombe likaendelea kuitwa Gossage miaka zaidi ya thelathini baadaye! Wachezaji wenyewe walililipia kampuni tangazo bila kujua, kila mwaka, kwa jasho. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Zanzibar ilipindua sultani Januari 1964, na mwezi wa nne mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika. Nchi zilikuwa na bendera sasa, marais, mashairi ya taifa, na bado vijana wao walishindania chombo cha muuza sabuni. Mwaka 1967 ndipo jina likabadilishwa, likawa Kombe la Changamoto la Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kuanzia 1973 likaendeshwa na CECAFA, pamoja na nchi kama Zambia na Malawi. Kombe la Gossage likaisha hivyo, bila msiba. Waliolizika ni haohao waliolichezea, na mchezo wenyewe waliubakiza.

Sasa kuna upande wa pili, na mama mmoja wa komite aliusema vizuri kutuliko. Alisema: "TP Mazembe ni ya nani?" Sote tukajibu, ni ya Lubumbashi, ni yetu. Akacheka. Ekipe hiyo ilianzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto, ikiitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kampuni ya magurudumu ya gari ya Ubelgiji. Ilikuwa na jina hilo la gurudumu, Tout Puissant Englebert, ilipochukua ubingwa wa Afrika 1967 na tena 1968. Leo ni Mazembe, gurudumu limesahauliwa, ushindi umebaki. Basi, akasema mama huyo, mwacheni muuza sabuni aandike jina lake. Watoto watacheza, yeye atapita.

Neno hilo lilitunyamazisha. Kweli watoto wanataka kucheza. Kila jioni tunawaona, mpira wao ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, na kijana asiyekuwa uwanjani saa kumi na moja tunajua anaweza kuwa wapi. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi na mitatu hahitaji tumweleze. Miaka miwili bila mashindano imetugharimu, na anayekataa zawadi ni lazima aseme yeye ataleta nini.

Lakini tumepiga hesabu, kama tunavyowafundisha watoto. Ekipe nane, watoto kumi na watano kila moja, ni watoto 120. Karatasi tatu kila mtoto, ni sabuni 360. Mama mwenye watoto watatu anaowaandikisha atanunua vipande tisa, naye labda kwa kawaida anatumia viwili kwa mwezi. Na katika ushirika huu mna wamama zaidi ya kumi wanaopika sabuni ya mawese na kuuza. Ndiyo inayolipa karo za watoto wao. Tutawaambia nini? Kwamba mtoto wao hawezi kucheza mpaka anunue sabuni ya mshindani wao? Mmoja wao alikuwa kwenye mkutano. Hakusema kitu. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake, na sisi tulioketi karibu naye tuliona.

Kwa hiyo, hivi ndivyo tunavyoona sisi tunaoandika ukurasa huu, na komite inaweza kutupinga. Mipira na mavazi tuvipokee, kwa shukrani, na jina la mtoaji litangazwe siku ya fainali, mara moja, kwa sauti kubwa. Karatasi za sabuni, hapana, hata moja. Miaka mitano, hapana. Mwaka mmoja, kisha tuzungumze upya. Na kama atasema bila karatasi hatoi kitu, basi turudi kuchanga, franka 500 kila nyumba, na vikundi vinavyopika sabuni vitoe vipande vichache kuwa zawadi kwa ekipe ya pili na ya tatu. Tena safari hii wasichana wawe na ekipe mbili zao wenyewe. Jambo hilo lilisahauliwa kila mwaka, na sisi ni wanawake!

Mkutano ni Jumamosi, saa nane, mahali petu pa kawaida. Anayetaka kuandikisha watoto asingoje. Aje na majina na umri. Walio na mawazo tofauti na haya yetu waje zaidi ya wote, hasa yule mama wa Mazembe.

Na kwa wanaouliza kombe: sufuria ya mwaka wa kwanza bado ipo. Mama tuliyemwachia aitunze anaipikia maharagwe. Amesema ataisugua na kuileta, ila kifuniko kimepotea.