Waranti ya Klorini Iandikwe kwa Saa

Jamani, mashine zinazogeuza chumvi kuwa klorini kwenye bwawa la kuogelea huuzwa kwa waranti ya miaka. Huo ni ujanja! Kinachokufa ni seli: mabamba ya titani yenye utando wa rutheni, unaolika kila umeme unapopita. Seli nyingi hukadiriwa kudumu saa 10,000 hivi. Ukiiwasha saa 8 kwa siku, utapata miaka 3 na ushei. Iwashe mchana na usiku, haifiki miezi 14. Ikifa mapema, utaambiwa ni chokaa, na chokaa haimo kwenye waranti. Mimi naandika programu: kuhesabu saa ni mistari michache tu. Watengenezaji, waranti iwe ya saa, na mnunuzi azione kwenye skrini. Mnaficha nini?