Bwana Shamba Anasema: Chagua Chujio la Redio kama Unavyochagua Chekeche



Mwezi huu hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za redio. Si redio ya kusikiliza muziki. Ni redio ya upepo, yaani redio ya kusema na kujibiwa.

Wako watu wanaotumia redio hizi kwa ridhaa. Hawalipwi. Wanajifunza, wanazungumza na watu wa nchi za mbali, na wanasaidia wenzao wakati wa maafa.

Tazama mfano huu. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, nchini Indonesia. Mawimbi makubwa yalipiga nchi nyingi. Yalifika hata pwani yetu ya Tanzania, yakaua watu. Katika visiwa vya Andaman, nchini India, simu zilikatika. Wakati huo Bibi Bharathi Prasad na wenzake walikuwa katika mji wa Port Blair na redio zao za ridhaa. Walianza kupeleka habari za maafa, na habari za watu waliokuwa wakitafutwa na ndugu zao.

Katika kazi kama hiyo, jina likisikika vibaya, ndugu watalia bure au watafurahi bure. Kwa hiyo redio lazima isikie vizuri. Hapo ndipo chujio linapohitajika.

KAZI YA CHUJIO

Watu wengi husema hewani kwa wakati mmoja. Bila kuchuja, redio husikia sauti yako na za jirani pamoja. Chujio ni kifaa kidogo ndani ya redio. Huipitisha sauti unayoitaka na kuzizuia zilizo kando yake.

Wewe unalijua chekeche. Matundu yakiwa makubwa mno, pumba hupita pamoja na unga. Yakiwa madogo mno, unga hubaki juu pamoja na pumba. Chujio la redio ni vivyo hivyo.

Upana wa chujio hupimwa kwa hezi. Hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde moja.

HATUA NNE ZA KUCHAGUA

1. Jua kazi yako. Watu wa redio za ridhaa wakisema kwa mdomo katika mawimbi mafupi, chujio la hezi 2,400 linatosha. Ikiwa jirani wamesongamana, waweza kutumia la hezi 1,800. Lakini usibane zaidi. Herufi kama s na f zinatofautiana katika sauti za juu. Chujio jembamba huzikata sauti hizo. Hapo jina Saida litasikika kama Faida, na hao ni watu wawili. Kwa alama za Morse, yaani nukta na mistari, chujio la hezi 500 linafaa. Hilo halifai kwa maneno ya mdomo.

2. Jua namba ya ndani ya redio yako. Redio nyingi hubadilisha mawimbi zinayoyapokea kuwa ya namba zao maalumu, kisha huyachuja. Nyingine hutumia kilohezi 455. Nyingine hutumia karibu kilohezi 9,000. Chujio la 455 halifanyi kazi katika redio ya 9,000, hata kama linaingia mahali pake. Soma kitabu cha redio kabla ya kutoa fedha.

3. Tazama ukuta wa chujio. Ua uliosimama wima, mbuzi hapandi. Ua uliolala, mbuzi hupanda akaingia shambani. Karatasi ya chujio huonyesha pana mbili. Upana wa kwanza ni wa sauti inayopita. Huandikwa penye desibeli 6. Upana wa pili huonyesha mahali jirani anapozuiwa kabisa. Huandikwa penye desibeli 60. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kwa mfano, 4,200 kwa 2,400 ni 1.75. Jibu likiwa chini ya 2, ukuta umesimama vizuri. Jibu likiwa kubwa, ukuta umelala, na jirani mwenye nguvu ataingia.

4. Tazama kama unalihitaji. Redio nyingi za siku hizi huchuja kwa hesabu za kompyuta iliyomo ndani. Unazungusha kitufe tu, upana unabadilika. Jaribu kwanza ulichonacho.

CHUJIO HALIONGEZI UNGA

Chekeche halifanyi debe moja la mahindi kuwa mawili. Chujio nalo haliongezi sauti iliyo hafifu. Kama waya wa antena umekatika au umening'inia chini, utengeneze kwanza. Hiyo ni kazi ya gharama ndogo.

Tena, chujio haliwezi kuzuia kelele iliyoingia mahali pamoja na sauti yako. Chaja ya sola au taa ya umeme yaweza kuvuma ndani ya redio. Zima kifaa kimoja kimoja huku unasikiliza. Kelele ikikoma, mwizi umemkamata.

Kumbuka pia: kutangaza kwa redio hizi bila leseni ni kosa. Hapa Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Basi, ndugu yangu, leseni kwanza, antena pili, chujio baadaye.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini chujio la hezi 500 halifai kwa maneno ya mdomo?
2. Chujio moja lina upana wa 2,400 na 6,000. Jingine lina 2,400 na 4,000. Lipi lina ukuta uliosimama?
3. Redio ya kikundi inavuma usiku tu. Mtaanza kuchunguza nini kabla ya kununua chujio?