Mwavuli Una Risiti, Mtu Hana: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Polisi wa Tokyo

Kwa Mkuu wa Idara ya Polisi ya Jiji la Tokyo,
Sakuradamon, Tokyo.

YAH: SHUKRANI ZA MGENI, NA OMBI LA KARATASI MOJA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili nikijua kwamba ofisi yako haikosi wakalimani, na kwamba barua hii itasomwa na watu wa kwetu kabla haijakufikia wewe. Ndivyo barua za wazi zilivyo: anayeandikiwa ni mmoja, wanaosikiliza ni wengi.

Shukrani kwanza, maana shukrani ni deni.

Msomaji wangu ambaye hajafika Tokyo inafaa ajue kwamba mji huo una vibanda vya polisi zaidi ya 800, vinavyoitwa koban, na vingine maelfu vimetapakaa Japani nzima. Mfumo ulianzia hapohapo Tokyo mwaka 1874. Kibanda chenyewe ni chumba kidogo kando ya stesheni au kwenye njia panda: taa nyekundu juu ya mlango, ramani kubwa ya mtaa, meza, viti viwili vitatu na askari wa zamu. Anayeingia humo mara nyingi hana kesi. Amepotea njia, amesahau begi kwenye treni, au ni mzee asiyeikumbuka nyumba yake. Watoto humwita askari wa doria omawari-san, kwa sauti ileile wanayomwitia mwalimu wao.

Mimi niliingia kwa sababu ya kifuko. Nilikuwa nimekisahau kwenye benchi karibu na bustani ya Ueno, na ndani yake mna pasipoti, kadi ya njano ya chanjo, yen zangu zote na noti ya shilingi elfu kumi iliyobaki humo tangu uwanja wa ndege. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshafika mbali, giza limeingia, na mfukoni sina hata nauli.

Askari niliyemkuta alikuwa mtu mzima, miwani imemshukia puani. Hakuanza kwa kuniuliza viza yangu inaisha lini. Alinivutia kiti. Kisha akatoa kijimashine cha kutafsiri na kuniuliza kifuko kina kitu gani ambacho mtu mwingine hawezi kukibahatisha. Nikamwambia: noti yenye picha ya tembo. Mashine ikatamka jambo, naye akakunja uso. Akachukua kalamu akachora tembo pembeni mwa fomu, mkonga, pembe na masikio yote mawili, halafu akaigeuza karatasi anionyeshe. Nikamwitikia kwa kichwa. Akanyanyua simu. Nilimsikia akimrudia mwenzake neno lilelile la tembo, upande wa pili ukanyamaza kidogo, kisha kikasikika kicheko. Kifuko kilikuwa kimefikishwa kwenye kibanda kingine. Bibi mmoja ndiye aliyekiokota, na hakutaka zawadi wala jina lake litajwe.

Ilibaki nauli ya kukifuata. Askari akafungua droo, akahesabu sarafu kwenye kisahani na kunipa karatasi nisaini. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hizo hazikuwa hela zake. Polisi wa Tokyo wana fungu maalumu la kuwakopesha waliokwama, kwa kawaida hadi yen 1,000, bila riba wala mdhamini. Kesho yake nikairudisha nauli ile, na aliyekuwa zamu akaniandikia risiti.

Kwenu hii si habari ya kuandikwa gazetini. Mwaka 2018 pekee idara yako ilipokea vitu vilivyookotwa zaidi ya milioni 4. Simu zilizorudi kwa wenyewe zilikuwa kama 83 katika kila 100, pochi kama 65. Ililetwa pia miavuli zaidi ya 300,000, na iliyopata kuchukuliwa na wenyewe ilikuwa kama mmoja tu katika kila mia. Hata hivyo miavuli hiyo ilifungwa lebo, ikaandikwa tarehe na mahali ilipookotwa, ikapelekwa kwenye kituo chenu kikuu cha vitu vilivyopotea huko Iidabashi, ikalazwa stoo. Sheria yenu, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2006 na kuanza kutumika Desemba 2007, kwa kawaida inataka kitu kitunzwe miezi mitatu. Mwenyewe akijitokeza, aliyeokota ana haki ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani yake. Asipojitokeza, aliyeokota anaweza kukichukua.

Kwetu, Mheshimiwa, mtu akipoteza pochi huenda kituoni kutafuta RB. Pochi yenyewe ameshaiaga. Anachofuata ni karatasi ya kuthibitisha kwamba imepotea, ili akatengenezewe kitambulisho kingine na kurudishiwa laini ya simu. Siwasemi vibaya askari wetu. Wapo walionisaidia, na vituo vyao vina uhaba wa vitu ambavyo vyenu havijapata kuvikosa. Ila ni kweli kwamba Mtanzania wa kawaida akiona kituo cha polisi hawazi kuingia kuuliza njia.

Wengi wa wenzangu wakirudi kutoka Japani husema watu wa kule ni wema kwa asili. Sikubaliani nao sana. Yule mzee wa miwani alikuwa mwema, na tembo wake alimchora kwa hiari yake. Lakini kiti kilinunuliwa na idara. Droo ina bajeti, fomu ina nafasi ya kuandika kila kitu, na simu kati ya kibanda na kibanda ni utaratibu. Angekuwa zamu mtu mwingine, aliyechoka na kukasirikia kazi, bado ningeondoka na nauli na kifuko ningekipata. Singapore waliliona hilo wakaiga vibanda vyenu mwaka 1983, na São Paulo nao wakafuata, ingawa tabia za watu wa Brazili na za Wajapani haziko karibu hata kidogo. Kinachosafirishwa ni mpango.

Sasa ombi.

Askari haohao wanaovuta kiti ndio wanaosimamisha watu stesheni na barabarani kuwahoji. Sheria ya mwaka 1948 ya utendaji wa polisi inawaruhusu, mradi mwenendo wa mtu au mazingira yaliyopo yatoe sababu ya maana ya kumshuku. Mgeni wa muda mfupi analazimika kutembea na pasipoti yake muda wote, na asipokuwa nayo faini inaweza kufika yen 100,000. Hadi hapo sina ugomvi. Kila nchi ina lango lake. Ugomvi unaanza pale sababu ya kushuku inapokuwa sura.

Hilo silisemi mimi wa kwanza. Desemba 2021 ubalozi wa Marekani mjini kwako uliwatahadharisha raia wake hadharani kwamba kuna taarifa za wageni kusimamishwa na kupekuliwa kwa kinachoonekana kuwa ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata Wakala wa Taifa wa Polisi ulichunguza ndani kwa ndani na kukiri visa sita visivyofaa kwa mwaka mzima wa 2021, vingine vya Tokyo. Januari 2024 wanaume watatu wenye asili ya nje, mmoja wao raia wa Japani kabisa, walifungua shauri katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo dhidi ya serikali kuu, Jiji la Tokyo na Mkoa wa Aichi, wakidai wamekuwa wakisimamishwa mara kwa mara kwa ajili ya rangi yao. Shauri ni la mahakama na mimi si hakimu. Nataka tu uitazame ile namba pamoja nami. Visa sita! Katika nchi inayohesabu miavuli kwa malaki, waliosimamishwa isivyofaa nchi nzima, kwa mwaka, wanahesabika kwa vidole.

Sidhani kuna aliyedanganya. Nadhani hakuna aliyeandika. Mwavuli ukifika kibandani unapewa karatasi. Mtu akisimamishwa dakika ishirini kwenye geti la treni, begi lake likafunguliwa mbele ya wapita njia na pasipoti ikapigwa picha, anaondoka mikono mitupu. Hana namba ya askari wala sababu iliyoandikwa, na hana cha kumwonyesha mwajiri aliyemchelewa au wakili atakayemuuliza ilikuwa lini. Kwa mgeni jambo hilo halina udogo, maana anajua, au ameshaambiwa, kwamba Japani mshukiwa anaweza kuwekwa ndani hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka.

Na wageni ni wengi. Mwaka 2024 waliingia Japani zaidi ya milioni 36, na wetu wamo. Wamo wanafunzi wa ufadhili, maofisa wanaokuja kozi, madalali wa magari wanaozunguka minadani ili sisi huku tuendeshe zile gari ambazo redio zake bado zinazungumza Kijapani. Wamo wakimbiaji wa Kenya wanaoishi kwenu miaka na miaka wakizikimbilia timu za makampuni. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Tanzania aliingia Uwanja wa Taifa mjini kwako na kushinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Huku tulipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza. Shabiki wake aliyetoka uwanjani asubuhi ile na bendera begani alikuwa mgeni mheshimiwa. Bendera ikishakunjwa na kutiwa mfukoni, anabaki mtu mweusi katika stesheni ya Shinjuku, na sioni kwa nini heshima aliyokuwa nayo iende mfukoni pamoja na bendera.

Ninachoomba ni risiti. Kila anayesimamishwa apewe kipande cha karatasi, au ujumbe kwenye simu kama karatasi zinawaelemea: tarehe, saa, mahali, namba ya askari, na sababu kwa sentensi moja. Nafasi ya sababu isikubali neno "mgeni" peke yake. Nakala ibaki kwenu, na mwisho wa mwaka hesabu itangazwe.

Utaniambia kazi itaongezeka. Ni kweli, itaongezeka. Lakini askari atakayejua kwamba lazima aandike kwa nini amemsimamisha huyu akamwacha yule, atajiuliza kabla ya kunyoosha mkono, na huenda mara nyingine akaona hana la kuandika, akaenda zake. Hapo kazi itapungua.

Wala sikuletei jambo la kubuni. Uingereza, sheria ya mwaka 1984 inamtaka askari anayempekua mtu barabarani aandike kumbukumbu, na aliyepekuliwa ana haki ya kupewa nakala. Haikuwafanya Waingereza malaika. Watu weusi wanaendelea kupekuliwa kule kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Ila hilo linajulikana kwa takwimu za polisi wenyewe, linajadiliwa bungeni na magazetini, na mkuu wa polisi hawezi kusimama akasema visa ni sita.

Utaniambia tena kwamba wageni wengi hawalalamiki. Hilo nalo ni kweli, na sababu yake ni nyepesi: mgeni ana ndege ya kuwahi, ana viza ya kuongezwa, hajui Kijapani, na hataki jina lake lijulikane kituoni. Kimya chake usikihesabu kuwa ridhaa.

Idara yako inaweza kulifanya jambo hili kuliko idara yoyote ninayoijua. Fomu mnazo na nidhamu ya kuzijaza mnayo. Mna askari waliokwisha kuzoea kumwandikia mtu wasiyemjua, asiyejua lugha yao, kitu kilicho chake. Anza na stesheni moja, hata kama ni Ueno, kwa mwaka mmoja. Wapewe kazi hiyo askari wa vibanda, wale wenye viti na ramani. Mwaka ukiisha, itangazwe hesabu ya watu kama inavyotangazwa ya miavuli.

Wako mtiifu,
Mgeni wa kifuko chenye tembo,
Dar es Salaam.

Nakala: Inspekta Jenerali wa Polisi, Tanzania. Kwa taarifa kuhusu risiti, na kwa utekelezaji kuhusu kiti, ramani na droo ya nauli.