Tembo haruki shimo, tufukie yetu

Mabishano yalianza fasi ya kupima madini, saa ya kungojea: tembo anaweza kuruka ao hawezi? Wengine kati yetu walisema nyama mwenye nguvu ya kuangusha muti mukubwa hawezi kushindwa na kamutaro. Tunaona wamekosa, na kosa hilo linatuhusu.

Tembo haruki. Hata akikimbia karibu kilomita 25 kwa saa, daima kuna muguu unaobaki chini. Kiboko anamupita kidogo: mwaka 2024 wataalamu wa Uingereza walionyesha ya kwamba akikimbia sana, miguu yote minne inaachana na udongo kwa kitambo kidogo sana. Lakini hiyo si kuruka shimo.

Sababu si uvivu. Sisi tunaobeba mawe tunaweza kuielewa mbio. Chukua jiwe lililochongwa sawa sanduku, ongeza urefu, upana na kimo mara mbili. Uzito unakuwa mara 8, lakini fasi linapokalia inakuwa mara 4 tu. Mifupa nayo ni vile vile: mwili ukikua, uzito unapita nguvu ya mifupa. Galileo wa Italia aliandika jambo hilo mwaka 1638. Ndiyo maana miguu ya tembo inasimama wima sawa miti inayoshikilia galeri: ni ya kubeba, si ya kurusha.

Wazee wetu wawindaji walijua. Walichimba shimo ku njia ya tembo, wakalifunika na matawi, wakangojea.

Na sisi tunaacha nini nyuma? Madini yakiisha tunahama, shimo linabaki wazi. Mvua inanyesha, majani yanaota, mdomo wa shimo unafichwa. Huo ni mtego wa wazee, bila mwindaji. Pande za Mitwaba, kwenye watu wanatafuta kasiteriti, si mbali na Parc ya Upemba, ambamo bado kuna tembo wachache.

Mutu atasema: tembo anaharibu mashamba, aanguke tu. Na mutoto aliyetumwa kuni? Na mama anayerudi shambani giza likiingia, muzigo ku kichwa, mutoto ku mugongo? Yeye pia haruki. Shimo halichagui.

Mwingine atasema kufukia ni kazi ya bule. Kweli, siku ya kufukia ni siku bila pesa. Basi siku hiyo ihesabiwe tangu mwanzo ku gharama za shimo, sawa vile tunahesabu kamba na unga, na yule anayetoa pesa ya kazi aijue mbele. Kila kikundi kifukie shimo lake mbele ya kufungua lingine. Udongo hatutaununua: uko pale pale pembeni, fasi tuliumwanga.