Tutatunga shanga za wengine hadi lini?

Ni jambo la kustaajabisha kwamba taifa linalojitangaza ulimwenguni kwa picha ya mwanamke aliyejaza shanga shingoni halina mazoea ya kuzitengeneza shanga hizo. Chembe za kioo anazotunga mama wa Samburu, Narok au Baringo hutoka ng'ambo: kwa miaka mingi zimetoka katika nchi ya Ucheki, na siku hizi hutoka pia Uchina na Bara Hindi. Serikali ilipoanzisha mpango wa Ushanga Kenya mwaka 2017 kwa ajili ya akina mama wa kaunti saba za wafugaji, ilifanya jambo la kupongezwa. Hata hivyo, shughuli kubwa ya mpango huo imekuwa kutunga na kutafuta soko. Ushanga wenyewe ameachiwa mgeni autengeneze, nasi tumebaki na uzi na sindano.

Naandika haya nikiwafikiria vijana wa Dundori, katika milima ya baridi iliyo kati ya Nakuru na Ol Kalou. Huku kazi ni viazi, kabeji, karoti na maziwa. Ardhi ni nzuri, mvua si haba, lakini shamba ambalo babu alilima peke yake sasa limegawanywa kwa wana na wajukuu, na bei ya gunia la viazi huamuliwa na dalali aliyekuja na lori. Kijana akikosa shamba huteremka Lanet au mjini Nakuru kutafuta kibarua. Mara nyingi tunamwambia ajiajiri. Ni nadra tumwonyeshe kazi mpya ya mikono.

Kazi ninayoipendekeza ni ya kioo. Wapo watakaocheka na kusema kwamba hiyo ni sanaa ya Wazungu. La hasha! Bonde la Ufa limejua kioo tangu zamani za kale. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, wataalamu walifukua mashoka ya mawe, na baadhi yake yalichongwa kutokana na jiwe jeusi linalong'aa, ambalo ni kioo kilichoyeyushwa na volkano yenyewe. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbuliwa na akina Leakey mwaka 1938, mifupa ya wafu iliyochomwa ilikutwa pamoja na shanga nyingi za mawe ya rangi, zilizotobolewa kwa ustadi yapata miaka 3,000 iliyopita. Watu wa Nakuru walitengeneza shanga zao kabla ya Roma kuwa dola. Baadaye sana ndipo misafara ya pwani ilipoleta shanga za Venisi. Wafanyabiashara wa Unguja walizipa majina kama samesame, na iliwabidi wajue kila mji unapenda rangi gani, maana aliyefika na rangi isiyotakiwa alikwama na mzigo wake.

Msomaji ataniuliza, kazi yenyewe hufanywaje? Zipo namna tatu zinazofaa karakana ndogo. Ya kwanza ni dirisha la vioo vya rangi. Fundi huchora umbo, hukata vioo kwa kisu chenye gurudumu gumu, kisha huviunganisha kwa vipande vya risasi au kwa utepe wa shaba na kulehemu maungio. Ya pili ni kuyeyusha vipande ndani ya tanuri hadi vishikane na kuwa kitu kimoja: sahani, kigae cha ukutani au kidani. Hili hutaka joto la kiasi cha nyuzi 800 za selsiasi. Ya tatu ni ushanga wa mwale. Fundi hushika ufito wa kioo mbele ya mwale wa gesi, kioo kinalainika kama asali, naye hukizungusha juu ya sindano ya chuma iliyopakwa udongo ili ushanga usigande.

Siri ya kazi zote mbili za moto ni subira. Kioo kikipozwa haraka hupasuka, hata kama kilitoka kizima. Ni lazima kishushwe joto polepole kwa saa nyingi. Aidha, kioo cha chupa hii na cha dirisha lile havipanuki sawasawa, na ukiviyeyusha pamoja vitaachana vikipoa. Ndiyo sababu fundi mwerevu huanza kwa kuchambua: vipande vya chupa moja hukaa pamoja na kuyeyushwa pamoja. Hizi ni kanuni ambazo kijana aliyemaliza darasa la nane anaweza kuzishika akipata mwalimu.

Mifano ya humu nchini ipo. Kazuri ilianzishwa mtaani Karen, Nairobi, mwaka 1975 na Bi Susan Wood pamoja na kina mama wawili waliokuwa wakihitaji kazi. Wao hufinyanga shanga za udongo, na kazi hiyo ndogo ilikua ikaajiri mamia, wengi wao kina mama wanaolea watoto peke yao. Kule Kitengela, msanii Nani Croze alianzisha karakana ya kioo, na familia yake ikajenga tanuri linaloyeyusha vioo vikuukuu na kuvigeuza bilauri, taa na shanga. Nchini Ghana, Wakrobo husaga chupa zilizotupwa zikawa unga, huutia unga huo katika vibao vya udongo vyenye vishimo, na katikati ya kila kishimo husimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Motoni kikonyo huungua na kuacha tundu la uzi. Naam, muhogo! Hakuna mashine ya mamilioni hapo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa hao hao Wacheki wanaotuuzia. Eneo la Jablonec, zinakotoka shanga nyingi zilizoijaza Afrika, ni nchi ya milima yenye baridi kali na udongo duni. Wakulima wake walianza kutengeneza na kukata shanga majumbani mwao, mzee, mke na watoto wakikaa mbele ya taa, ili kuongezea kile ambacho shamba halikuweza kutoa. Kutoka vijiji hivyo vya mlimani zikatoka shanga zilizofika Zanzibar na kupanda hadi kwa Wamaasai. Mkulima wa mlima wa Ulaya alijua kumhudumia mwanamke wa Bonde la Ufa ambaye hakuwahi kumwona. Je, mkulima wa mlima wa Dundori, ambaye ni jirani ya Baringo na Samburu, atashindwaje?

Malighafi nayo tunaikanyaga. Kioo cha kawaida ni mchanga, magadi na chokaa, na Kenya huchimba magadi katika ziwa lenye jina hilo. Karakana ndogo haihitaji hata kuanzia hapo; inahitaji chupa. Chupa za bia na soda hurudishwa kiwandani, lakini chupa za mvinyo na vigae vya madirisha huishia jalalani Gioto, chini ya mlima Menengai, ambako hukata miguu ya wanaochakura taka. Kioo hakiozi. Kitakuwa pale wajukuu wetu watakapozaa.

Hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti uzoaji wa taka, na limezikabidhi pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwenye jalala ndiye mwenye chuo. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zichambuliwe na kutumiwa tena badala ya kurundikwa. Kwa nini basi idara hizi mbili za Nakuru zisikae meza moja? Chuo kimojawapo cha kaunti kilicho karibu na Dundori kipewe tanuri dogo la umeme, meza ya kukatia na mwalimu mmoja aliyefunzwa. Chupa zitafika zenyewe.

Sisemi kwamba hakuna hatari. Moto wa kuni usiruhusiwe. Msitu wa Dundori umekwisha kuvumilia mengi, na hatuwezi kuuangamiza kwa ajili ya mapambo. Umeme ni ghali, nakubali, ingawa tangu mwaka 2023 mvuke wa Menengai wenyewe unazalisha umeme. Risasi ni sumu, na yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri yawe funzo: wanagenzi watumie utepe wa shaba, na wanaolehemu wafanye hivyo mahali penye hewa, wasile wala kunywa wakiwa kazini. Miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi la kioo si anasa.

Kuhusu soko, tuanze nyumbani. Makanisa yetu hujengwa kwa harambee, kisha madirisha yakapakwa rangi ya mafuta au kubandikwa karatasi ya plastiki inayopauka kwa mwaka mmoja. Jengo la Zahanati ya Kale kule Unguja, lililokamilika mwaka 1894, linapendeza hadi leo kwa vioo vyake vya rangi. Kamati moja ya kanisa ikiagiza dirisha moja tu kwa vijana wa kijiji, itakuwa imelipa karo ya ufundi wao. Vyama vya akina mama wa Ushanga Kenya navyo viulizwe rangi na ukubwa wanaohitaji. Hatutashindana na viwanda vya Uchina kwa chembe ndogo ndogo. Tutaanza na ushanga mkubwa wa katikati ya mkufu, ule unaotazamwa kwanza na kulipiwa zaidi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha wetu zamani, tukaukalia wa wengine. Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wakazi wa Dundori na wende kwenye kikao hicho, wakataje tanuri hilo kwa jina.